Maswali ya Wasomaji: Tamthilia Sebuleni, Gumzo Simuni

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu tamthilia na filamu zinazotazamwa nyumbani huku simu ikiwa mkononi. Tumechagua nne. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ukoo wetu umetawanyika: wengine tuko Tanga, wengine Unguja, na shangazi yetu na wanawe wako Maskati. Tuna kundi la WhatsApp ambalo usiku wa tamthilia huwaka moto. Mimi hutazama kwa simu, wenzangu wa Unguja hutazama kwa dishi, na mara nyingi kabla sijaona barua ikifunguliwa, binamu yangu ameshaandika, “Jamani, kumbe mtoto si wake!” Kwa nini matangazo yaleyale hayatufikii pamoja? Na nifanyeje bila kujitoa kundini, nikaonekana nimewasusia ndugu?
Msomaji wa kike, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anayetazama kwa dishi hupokea mawimbi yaliyorushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta na kurudishwa ardhini. Safari hiyo inatisha kwa kuisikia, lakini mawimbi huimaliza kwa takriban robo ya sekunde. Kinachochelewesha zaidi ni kazi ya kuibana picha kituoni na kuifungua tena ndani ya king'amuzi, nayo huongeza sekunde chache tu. Simu yako hupitia njia nyingine. Programu ya kutazamia huletewa tamthilia ikiwa imekatwa vipande vifupi, aghalabu vya sekunde sita hivi kila kimoja, na huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukilegea kidogo picha isigande. Akiba hiyo ndiyo inayokuweka nyuma ya wenzako kwa nusu dakika na pengine zaidi. Tena picha inapoganda, programu nyingi huendelea pale zilipoishia badala ya kurukia kinachoonyeshwa kituoni kwa wakati huo, kwa hiyo mtu aliyeanza akiwa nyuma kidogo anaweza kumaliza akiwa nyuma kwa dakika mbili bila kutambua. Kama programu yako ina alama ya matangazo ya moja kwa moja pembeni mwa kioo, iguse. Utasogezwa mbele, ingawa utakikosa kipande kilichokuwa kinakusubiri.

Kuna na suala la saa. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja, na ukoo wowote wenye watu huko unajua jinsi tangazo la “leo saa tatu usiku” linavyoweza kumkalisha shangazi mbele ya runinga kwa saa nzima akingoja kitu ambacho kwake kitaanza saa nne. Akichoka akalala, ndiye atakayetazama marudio kesho yake, wakati ninyi mmeshalichambua kila neno. Andikeni saa za wapi.

Kuhusu adabu ya kundi, rai yangu ni kwamba kundi la ndugu lifuate mwendo wa anayetazama mwisho, si wa anayetazama mwanzo. Anayetangulia hapungukiwi na kitu akingoja hadi marudio yapite. Anayechelewa hawezi kurudishiwa uhondo uliokwisha kumwagwa. Tangu mwaka 2018 WhatsApp inamwezesha msimamizi kulifunga kundi ili wasimamizi peke yao waweze kuandika, na kulifungua atakapo. Funga saa za tamthilia, fungua kesho jioni. Hata hivyo, najua wapo ambao raha yao yote ni kupiga kelele pamoja papo hapo, na kuwanyima hao ni kuiua tamthilia yenyewe. Waundiwe kundi lao la moto, na kundi la ukoo libaki la salamu, misiba, harusi na mazungumzo ya baadaye. Tangazo la utaratibu huo litoke kwa shangazi mwenyewe, kwa kuwa likitoka kwako wewe mdogo litaitwa kiburi.

Wakati mkisubiri makubaliano, usitegemee kulinyamazisha kundi peke yake. Simu itaacha kulia, lakini ujumbe wa mwisho utaendelea kuonekana chini ya jina la kundi kila unapofungua WhatsApp kwa shughuli nyingine, na neno moja la binamu yako linatosha. Liweke kundi kwenye kumbukumbu, ambako halionekani kwenye orodha ya kawaida, kisha ulirudishe ukishamaliza kutazama. Wanaotumia Telegram wamerahisishiwa zaidi, kwa sababu huko mwandishi anaweza kuyafunika maneno yake yasisomeke mpaka msomaji ayaguse kwa hiari yake.

SWALI: Mhariri, salaam. Ninasoma chuo hapa Dodoma na ninapenda kutazama tamthilia kwa simu, lakini kifurushi cha wiki nzima huisha kwa siku mbili. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Punguza ubora wa picha kabla ya kupunguza idadi ya tamthilia. Netflix kwa mfano hueleza kwamba saa moja ya kutazama kwa ubora wa chini hutumia takriban GB 0.3, ubora wa kati GB 0.7, na ubora wa juu hadi GB 3. Piga hesabu ya sehemu tano za dakika arobaini kila wiki: kwa ubora wa chini utatumia GB 1 hivi, na kwa ubora wa juu zinaweza kufika GB 10. Kwenye kioo cha simu kilicho na ukubwa wa kiganja, tofauti ya picha haifanani hata kidogo na tofauti hiyo ya gharama. Usiiachie programu ijichagulie ubora, kwa kuwa mtandao ukiwa mzuri itapanda juu bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio uuchague mwenyewe. Ukiwa na Wi-Fi chuoni, pakua sehemu za wiki nzima na uzitazame bwenini bila intaneti.

Halafu chunguza gumzo lenyewe. Makundi ya wapenzi wa tamthilia hutumiana picha na vipande vya video usiku kucha, na simu iliyoachwa kama ilivyotoka dukani huweza kupakua picha zinazoingia, na video pia ikiwa mipangilio inaruhusu, hata kama hutazifungua kamwe. Katika mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, zuia upakuaji wa moja kwa moja unapotumia bando. Nimeona vijana wakiulaumu utazamaji kwa kuwamalizia bando, kumbe limeliwa na vichekesho vya kundi.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mzee wa Morogoro. Wajukuu wangu hawawezi kutazama filamu bila kuandika. Macho yako chini kwenye simu, filamu inakwenda, kisha wananiuliza, “Babu, huyu ni nani?” Zamani tulikaa tukatazama. Je, huu ni utazamaji?
Mzee, Morogoro

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Naomba uniruhusu nikubishie kwa heshima katika hilo la zamani. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa bila kituo chetu hadi 1994, na kwa hiyo wengi wetu tulizizoea filamu katika mabanda ya video, yale yaliyoitwa vibanda umiza, ambako sikumbuki kuwa kulikuwa na ukimya. Watu walimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, waliozitazama filamu zile mara ya tatu waliwaeleza wageni kitakachofuata, na aliyefichua mno alizomewa. Juu ya hayo palikuwa na wakalimani. Lufufu alijipatia jina Tanzania kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, DJ Afro akafanya hivyo Kenya, na Uganda ina kundi kubwa la wasimulizi wanaoitwa VJ, ambao huingiza utani wao, huwapa wahusika majina ya mtaani na kuchambua tabia zao huku filamu ikiendelea. Wajukuu wako wanaendeleza desturi hiyo, ila wenzao wa kupiga nao soga hawapo sebuleni.

Malalamiko yako juu ya macho nayakubali. Katika banda, mdomo ulikuwa na kazi lakini macho yalibaki kwenye picha. Kuandika huyaondoa macho, na hasara yake hutegemea lugha ya filamu. Tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili, kama zile za Kituruki zinazoonyeshwa siku hizi, kijana anaweza kuifuata kwa masikio hata akiinamia simu. Lakini filamu yenye maandishi chini ya picha, akiinama kwa sekunde kumi amepoteza mazungumzo mazima, na hapo ndipo babu anapogeuzwa mkalimani. Usiwanyang'anye simu. Waambie waandike wakati wa matangazo ya biashara, na ile filamu ya maandishi waiandikie ikiisha. Na ukiulizwa tena “huyu ni nani”, wajibu kwamba kundi lao ndilo linalojua.

SWALI: Katika kundi letu la wapenzi wa Bongo Movie, mwenzetu mmoja hutuma filamu nzima siku ileile inapotoka. Mimi ni msimamizi. Je, ni kosa, ilhali hatuuzi?
Msimamizi wa kundi, Mombasa

JIBU: Ndiyo, ni kosa, na kutouza hakukusafishi. Kunakili kazi nzima na kuisambaza bila idhini ya mwenye nayo kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na Tanzania Bara ina sheria yake ya 1999, na Zanzibar ya 2003. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu faili la hadi GB 2 na kundi la watu 1,024, kwa hiyo ujumbe mmoja wa mwenzenu unaweza kuwafikia watu wengi kuliko mauzo ya siku nzima ya mtayarishaji mdogo. Wewe kama msimamizi una uwezo wa kuufuta ujumbe huo kwa wanachama wote. Ufute siku hiyohiyo, kisha umwandikie mwenzako faraghani badala ya kumwaibisha mbele ya kundi. Kuijadili filamu, kuisifu, kuiponda na kunukuu maneno mawili matatu hakuna anayewazuia. Watayarishaji wengi huweka kazi zao wenyewe YouTube bila malipo, na hulipwa kutokana na matangazo ya biashara yanayoonyeshwa hapo, kwa hiyo tumeni kiungo cha chaneli ya mtayarishaji mwenyewe, si cha mtu aliyeipandisha upya kwa jina lake.