Kuzamia Unguja: Anza na Great Northern Kabla ya Kuishukia Pegasus

Wazamiaji wengi wanaofika Unguja huwa na shauku ya kupelekwa moja kwa moja kwenye mabaki ya Pegasus, na shauku hiyo naielewa. Manowari hiyo ya Uingereza ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo ya mitambo, tarehe 20 Septemba 1914, pale manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoivamia alfajiri na kuipiga mizinga hadi ikazama. Baadhi ya mabaharia waliouawa siku hiyo wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani. Hata hivyo, kila anayeniomba ushauri mimi humsihi aiache kwanza, aanzie kwenye Great Northern, meli nyingine iliyozama kwenye kina kifupi zaidi.

Sababu kubwa ni kina. Pegasus iko karibu na mita 40, ambako mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi hula hewa mara tano zaidi. Mtungi unaokutosha kwa utulivu kwenye mita 12 utakwisha huko kwa muda usiofika nusu yake, na hata kama hewa ingebaki, nitrojeni inayoingia mwilini hairuhusu kukaa chini zaidi ya dakika chache. Nitrojeni hiyo hiyo hulevya: mtu husoma kipimo chake cha hewa na asielewe anachokisoma. Cheti cha awali humruhusu mzamiaji kufika mita 18, na cha juu yake mita 30. Anayetaka mita 40 anahitaji mafunzo maalumu ya kina kirefu. Ukiona mwenyeji wako yuko tayari kukupeleka bila hata kukuuliza cheti, tafuta mwingine.

Great Northern ilikuwa meli ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, iliyoundwa mwaka 1870 na kuzama mwaka 1902 baada ya kupanda mwamba wa Fungu, si mbali na Mji Mkongwe. Iko kwenye kina cha takriban mita 12 tu, na mimi nathubutu kusema kwamba ndiyo shule bora kuliko zote kisiwani. Mbavu zake za chuma zimevikwa matumbawe, samaki wadogo hujazana kwenye vivuli vyake, na ukitulia mbele ya tundu moja kwa muda utamwona mkunga, samaki mrefu kama nyoka, akitoa kichwa, akifungua na kufunga mdomo. Hakutishi, ndivyo anavyopumua. Ili kumwona vizuri hivyo bila kugusa kitu, lazima uwe umemudu kuelea: jaza hewa kidogo kidogo kwenye jaketi lako la kuelea, kisha tumia mapafu yako mwenyewe kupanda na kushuka. Inua mapezi juu ya usawa wa mwili, kwa sababu pezi moja likipiga vibaya huvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua, na kutimua vumbi linalomharibia mwenzako anayekufuata. Sipendi glavu katika mbizi za namna hii, kwani anayezivaa hushika kila kitu. Chuma kilicholiwa na kutu hukata, na nafasi zilizofunikwa si za kuingia bila mafunzo. Kilichomo melini kibaki melini.

Jambo la pili ni kupanga safari kwa mwezi na upepo. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa kuna bamvua, maji hupanda na kushuka hadi takriban mita nne, na mikondo huwa mikali. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ndizo za kumpeleka mzamiaji mgeni. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, pwani ya mashariki huchafuka, ilhali upande wa mji huwa umekingwa zaidi. Mimi huipenda tanga mbili ya Oktoba na Novemba, kipindi cha kati ya misimu ya pepo, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu, hasa kwa kwenda kisiwa cha Mnemba, ambako kasa huonekana mara kwa mara wakila juu ya mwamba. Nahodha akikuambia leo hakwendeki, usimbembeleze.

Mengine ni ya kawaida lakini yasisahaulike: panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, simama dakika tatu kwenye mita 5, na ufike juu ukiwa bado na hewa ya akiba.

Usizamie siku ya mwisho ya safari yako. Baada ya mbizi za siku kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo nenda kisiwa cha Chumbe, ambako mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994 na watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Utaogelea juu juu na miwani yako pamoja na walinzi wa hifadhi, na matumbawe yapo karibu kiasi kwamba hutauhitaji mtungi.