Siku nne za Tokyo: uanzie wapi?
Ndugu, kwa kuwa umeuliza namna ya kuzigawa siku zako nne za Tokyo, nakusihi usiuvuke mji mzima kila siku, bali uchague upande mmoja asubuhi na ubaki huko hadi jioni. Mtaa wa Asakusa ufike mapema, kabla maduka ya Nakamise, njia iendayo kwenye hekalu la Senso-ji, hayajafunguliwa, upate kusimama kwa utulivu chini ya taa kubwa ya karatasi nyekundu katika Kaminarimon, lango la nje la hekalu hilo, na kulitazama joka lililochongwa kwenye kitako cha taa hiyo. Ukiwa mtaa wa Shinjuku, panda jengo la serikali ya jiji, kwani ghorofa ya 45 unautazama mji bila kiingilio. Treni hukoma mnamo saa sita au saba usiku, kwa hiyo usichelewe kurudi.