Mtoto anayekimbia miwa

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu ana miaka mitatu. Alinyonya vizuri, lakini nilipomwanzishia ndizi mbivu na uji wa sukari akawa anatapika, jasho linamtoka, analegea. Juzi hospitalini tumeambiwa mwili wake hauwezi kuvunja fruktozi, ile sukari ya matunda, na kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Mama mkwe anasema ni kisukari, jirani anasema nimemdekeza. Huku kwetu kila mtoto anatafuna miwa. Nimpe nini? Na je, itaisha akikua?
Mama Baraka, Chemelil

JIBU: Marahaba, Mama Baraka, na pole. Nianze na mama mkwe, maana huenda yeye ndiye anayeshinda na mtoto wewe ukiwa kazini. Mwambie hiki si kisukari, ni karibu kinyume chake. Mwenye kisukari, sukari humpanda kwenye damu. Ugonjwa wa Baraka kwa Kiingereza huitwa hereditary fructose intolerance: ana upungufu wa aldolasi B, kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuvunja fruktozi. Fruktozi ikifika pale inakwama, ini linashindwa kutoa akiba yake, na sukari ya damu inashuka ghafla. Ndilo lile jasho. Akiendelea kulishwa hivyo, ini na figo huharibika.

Jirani naye mwache. Watoto wa namna hii huchukia vitu vitamu wenyewe, hata kabla ya daktari kujua lolote, na wengi wao hawana jino hata moja lililooza. Akisukuma kikombe, usimlazimishe kamwe. Ulimi wake unajua.

Nusu ya sukari ya kawaida ni fruktozi. Kwa hiyo miwa, sukari nguru, asali, soda, matunda na viazi vitamu, vyote kwaheri. Lakini Kisumu na Chemelil hatuishi kwa sukari peke yake! Ugali, wali, viazi vya kizungu, omena, ngege, mayai, kuku, maziwa na mala isiyotiwa kitu: hivyo ale. Uji wa wimbi anywe bila sukari. Kabichi na spinachi chemsha, mwaga maji. Nyanya, kitunguu na karoti vina fruktozi pia, kwa hiyo mpakulie samaki wake kabla hujaanza kukaanga mchuzi wa wengine. Kwa vile hali matunda, mwombe mtaalamu wa lishe vitamini C isiyo na sukari.

Miwa hainitii hofu, kwa sababu Baraka mwenyewe anaikimbia. Ninachoogopa ni sukari anayopewa kwa nia njema. Dawa nyingi za maji za homa na kikohozi zina sukari au sobitoli, kitu cha kutia utamu ambacho mwilini hugeuka fruktozi. Uliza vidonge vya kusaga, na umsomee mwenye duka la dawa jina la ugonjwa. Ile njugu ya pakiti ambayo kliniki huwapa watoto waliokonda imetiwa sukari. Mtoto kama Baraka, aliyekonda kwa kutapika, ndiye hasa atakayepewa. Akiharisha, usimkorogee sukari na chumvi nyumbani. ORS ya pakiti kwa kawaida hutengenezwa kwa glukosi, hiyo anaiweza, ila soma pakiti kwanza. Akianza kulegea, mpe glukosi tupu ya unga iliyokorogwa kwa maji, kisha mkimbize hospitalini.

Haitaisha, Mama Baraka. Ila akizingatia chakula, ini hupata nafuu na mtu hukua, akasoma, akazeeka.

Mkitaka kumpatia mdogo wake, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa na tatizo hili. Mwambie mkunga mapema. Mtoto atanyonya bila shida, kwani sukari ya maziwa ya mama ni laktozi, isiyo na fruktozi. Matone ya chanjo ya rota, ile ya kuzuia kuharisha, yana sukari, kwa hiyo yasubiri mpaka apimwe na daktari aseme.