Kamba koche wanapotea wapi miaka mingine?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mzamiaji wa kamba koche huku Lamu, mwaka mwingine tunatoa wengi mpaka raha, mwaka mwingine mapango matupu. Ni sisi tunawamaliza ama ni bahari yenyewe?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Vyote viwili vinawezekana, lakini bahari ina mkono mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mfano ninaoujua vizuri ni wa Australia Magharibi, kule mayai yakianguliwa watoto wanatoka bapa, unawaona mpaka upande wa pili kama kioo, halafu wanaelea bahari kuu miezi 9 hadi 11 hivi wakibebwa tu na maji, ndo baadae wanageuka umbo na kuogelea kurudi pwani bila hata kula! Sasa mkondo wa Leeuwin, ule wa bahari unaopita pwani ya kule, ukiwa na nguvu, kama miaka ya La Nina (kinyume cha Elnino), kwa kawaida wanafika wengi, Elnino ikija mkondo unalegea na wanapungua.

Wataalamu wa kule wanawahesabu wadogo hao kwa mitego maalumu tangu miaka ya 1960, na kwa kuwa inachukua kama miaka 3 au 4 kufikia saizi ya kuvuliwa, wanajua mapema. Msimu wa 2008/09 walifika wachache mno, basi wakapunguza uvuvi kabla upungufu haujafika kwenye mitego ya wavuvi. Huo ndo uamuzi naoupenda sana.

Nyinyi huko msiwaguse majike wenye mayai, tafadhali.