Re: Pedali ya ekspresheni ya LDR: usichomeke kwenye mashine kabla hujasoma hapa

Mkuu, weka chini hicho chuma cha kulehemu kwanza.

Huo mchoro uliobandika wa pedali ya ekspresheni (ile ya kukanyaga inayopandisha na kushusha efekti kwa mguu), ambao chanya ya betri ya volti 9 inalisha taa ya LED, kisha laini hiyo hiyo inaenda kwenye mguu wa juu wa LDR (resista inayobadilika kwa mwanga) na kwenye pete ya jeki, ndio unaoua mashine za efekti za watu. Umeuliza mambo manne: LDR ipi ununue, sanduku liwe la mbao au alumini, kama gamba la pedali ya wah iliyoharibika linafaa, na kama unaweza kuweka swichi ya kukanyaga mbele. Tutafika huko Mungu akipenda. Kwanza tuokoe mashine yako.

Mlango wa ekspresheni kwenye efekti za kidijitali haungoji umeme kutoka kwako. Wenyewe ndio unaotoa. Plagi ya stereo ina sehemu tatu: ncha mbele, pete katikati, mwili nyuma. Pete ya jeki inatoka na volti 3.3 au 5 za mashine, mwili wa jeki ni graundi, na mashine inapima ni kiasi gani cha volti hizo kimerudi kupitia ncha. Fungua pedali ya dukani uone: volyumu moja (resista ya kuzungusha), mara nyingi ya 10k, yaani ohm 10,000, nyaya tatu, basi. Hakuna betri. Hakuna adapta. Inagawa volti za mashine na kuzirudisha ilikozitoa.

Sasa fuata mchoro wako. Volti 9 zinaingia kwenye pete. Kwenye mashine nyingi, kati ya pete na laini ya 3.3 ya ndani kuna resista ndogo tu, na laini hiyo ndiyo inayolisha chipu kuu. Umeilisha chipu ya 3.3 kwa volti 9 kupitia mlango wa nyuma. Wakati huo huo, ukikanyaga mpaka mwisho LDR inashuka hadi kama 1k, na kwa resista ya 10k chini yake ncha inapata 9 × 10 ÷ 11, yaani volti 8.2 hivi, moja kwa moja kwenye mguu wa kupimia. Ndani ya chipu kuna vidayodi vya ulinzi, lakini viliwekwa kwa ajili ya mshtuko wa kupita, havikuwekwa kwa ajili ya mguu wa mpiga gitaa uliotulia pale kwaya nzima inaimba. Ukiwa na bahati unapoteza mlango wa ekspresheni peke yake. Usipokuwa nayo, kioo hakiwaki tena. Bodi mpya ya mashine za aina hiyo inakaribia bei ya mashine nzima ya mtumba, na usiniulize nimejuaje. Waranti nayo sahau, fundi akiiona bodi anajua kabisa umeichezea.

Halafu yule bwana wa video ulikoutoa mchoro huo anasema kwa kujiamini eti "LDR inahitaji nguvu ili ifanye kazi". Pumba tupu. LDR ni resista, tofauti yake ni kwamba ukinzani wake unapanda gizani na kushuka kwenye mwanga. Haihitaji kulishwa. Kinachohitaji nguvu ni taa. Mchoro wake unaweza kufaa kwa sinthesaiza ya moduli yenye mlango wa CV (volti ya kudhibiti) unaopokea hadi volti 10, lakini yeye kauandika "kwa pedali yoyote", watu wanampigia makofi kwenye maoni, na wanaoulizia kwa nini mashine imezima hajibu hata mmoja. Mic anayo nzuri lakini.

Kwa hiyo kanuni ni moja na sina nyingine: umeme wa taa na umeme wa jeki visigusane popote, hata graundi. Kinachovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni mwanga tu. Ndiyo raha yote ya kutumia LDR badala ya volyumu, sasa wewe unataka kuiondoa kwa waya wa shilingi mia.

Upande wa jeki uwe hivi: pete inaenda kwenye resista ya 470 ohm, kutoka hapo kwenye mguu mmoja wa LDR. Mguu wa pili wa LDR unaenda kwenye ncha. Kutoka kwenye ncha, resista ya 10k inashuka mpaka kwenye mwili. Mwisho. Hiyo 470 ni kwa sababu plagi ya stereo ikiwa inaingia, ncha yake inasugua kila kitu njiani, na kuna nukta ambapo pete ya mashine ingeshotiwa, yaani ingeunganishwa moja kwa moja na graundi.

Upande wa taa: betri ya volti 9, kidhibiti 78L05 (kinashusha volti hadi 5 zisizoyumba), resista ya 680 ohm, LED ya kijani inayong'aa. LED yenyewe inakula kama miliampia 3. Unaweza kuruka kidhibiti na kuweka resista ya 2.2k tu, lakini betri ikichoka mwanga unafifia, na pedali uliyoikalibrisha Jumamosi haifiki mwisho Jumapili. Kijani si urembo. LDR za kawaida kama GL5528 zinaona vizuri zaidi karibu na nanomita 540, ambayo ni kijani.

Mtego wa pili ndio unaowanasa hata waliochora sawa, nao ni sanduku. Adapta za pedali za gitaa nyingi zina hasi katikati, maana yake ganda la nje la plagi ni chanya. Ukifunga tundu la adapta la chuma kwenye sanduku la alumini, sanduku zima limekuwa chanya ya volti 9. Jeki yako ya ekspresheni nayo ni ya chuma, imefungwa kwenye sanduku hilo hilo, na mwili wake ni graundi ya mashine. Nyaya ulizitenganisha, sanduku limeziunganisha. Tumia tundu la adapta la plastiki, au bora zaidi betri peke yake. Jeki nayo iwe ya plastiki, au iwekee ringi za plastiki (washa) pande zote mbili.

Kabla ya kuchomeka popote, chukua mita. Iweke kwenye ohm, kipimo cha juu kabisa. Gusa chanya ya taa na ncha, kisha pete, kisha mwili. Rudia kwa hasi ya taa. Vipimo sita, vyote visome wazi, yaani mita ioneshe OL au 1 peke yake kushoto. Kisha hamisha mita kwenye volti za DC, washa taa, chomeka kebo kwenye pedali tu (upande wa mashine ubaki hewani) na pima ncha na mwili, pete na mwili. Iwe sifuri. Si 0.4, si "karibu sifuri". Hapa mashine haijaunganishwa, kwa hiyo volti yoyote unayoiona imetoka kwenye taa yako.

Ukifaulu hapo ndipo uje kwenye malalamiko ambayo kila mtu huleta baadaye: pedali haifiki sifuri ukiirudisha nyuma. Watu hubadilisha LDR tatu nne, kumbe tatizo ni mwanga unaovuja. Ukinzani wa LDR haufuati mwanga moja kwa moja. Ukipunguza mwanga mara 100, ukinzani unapanda mara 25 hivi, na kwa LDR nyingine mara 16 tu. Maana yake, kama pazia lako (kipande kinachosogea na pedali kuziba mwanga kati ya taa na LDR) limeacha asilimia moja tu ya mwanga ipite, LDR ya 1k inaishia 25k, na kwa resista ya 10k mashine bado inaona karibu asilimia 28. Dilei (mwangwi) yako haizimi. Asilimia moja ya mwanga huioni kwa jicho ukiwa na tochi mkononi.

Kwa hiyo ziba kweli kweli. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. LDR iingize kwenye mrija mweusi unaosinyaa kwa joto, na mgongo wake uufunike kwa tepu nyeusi, kwa sababu mwanga huingia hata kwa nyuma, kupitia kauri na kando ya miguu. Hapa ndipo wengi husahau kabisa. Kati ya taa na LDR acha milimita 15 hadi 20, na pazia lipite katikati likisugua sponji nyeusi pande zote mbili. Pazia likate kwa bati jembamba au plastiki ya faili jeusi, na mkato uwe wa pembetatu ndefu, usiwe wa mraba, la sivyo mabadiliko yote yanatokea kwenye sentimita moja ya mwendo wa mguu.

Resista ya 10k si amri. Pima LDR ikiwa na mwanga wote, kisha ikiwa imezibwa, zidisha namba hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili. 1k na 100k zinakupa 10k. 2k na 80k zinakupa kama 12.6k, weka 12k. Na usihangaike kutafuta giza la megaohm, huko LDR ni mvivu, inaendelea kupanda taratibu kwa sekunde kadhaa na sauti inakuburuzia mkia.

Kwenye mashine za Boss na Roland, pete ndiyo inayotoa volti. Yamaha na Korg ni kinyume, volti iko kwenye ncha, kwa hiyo badilisha nyaya hizo mbili. Mashine yako hujaitaja jina.

LDR nunua yoyote, GL5528 zipo Kariakoo (Dar) na Luthuli (Nairobi), ama ng'oa kwenye swichi ya taa ya nje inayojiwasha usiku. Gamba la wah linafaa sana, lakini ni la chuma, rudi juu usome tena kuhusu sanduku. Swichi ya mbele tutaongea siku nyingine.

Ukimaliza piga picha mita ikiwa kwenye ncha na mwili, taa ikiwaka, uibandike hapa kabla hujachomeka.