"Mwendo ni jamaa"? Maneno ya mwendo na wakati katika fizikia

SWALI: Nahariri kitabu cha fizikia cha sekondari. Mwandishi ameandika "mwendo ni jamaa", kwingine "mwendo wa kulinganisha", na mara kadhaa "wakati kamili". Mwenzangu naye anataka tufute "jua linachomoza", eti dunia ndiyo inayozunguka. Tuandikeje?

JIBU: "Jua linachomoza" libaki. Kuchomoza ni kujitokeza, na kwa aliyesimama juu ya ardhi jua hujitokeza kweli kwenye upeo wa macho. Sentensi hiyo haidai kwamba dunia imetulia. Mwenzako ana haki kwa hili: mzunguko wa dunia si suala la mtazamo tu. Mwaka 1851 mwanafizikia Mfaransa Foucault aliuonyesha mjini Paris kwa pendulamu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, bila kutazama jua wala nyota. Hayo yaandikwe katika sura ya mzunguko. Kitenzi hakina kosa.

"Jamaa" lifutwe kote. Ni neno la watu, la nasaba na urafiki, na siku hizi linapenyezwa vitabuni na mashine za kutafsiri neno la Kiingereza "relative". Tayari tunayo "nadharia ya uhusianifu" ("relativity") ya Einstein, kwa hiyo "mwendo husianifu" utaeleweka bila taabu.

"Mwendo wa kulinganisha" unapotosha kwa namna iliyojificha zaidi. Msomaji atafikiria magari mawili, moja likilishinda jingine kwa kasi. Alichokisema Galileo mwaka 1632 ni kizito kuliko hicho: ndani ya chumba cha meli inayokwenda sawasawa bila kuyumba, vipepeo huruka na matone hudondoka vilevile kama meli ingekuwa imetia nanga. Hakuna jaribio la humo ndani litakalokuambia kama mnakwenda au mmesimama. Swali "inakwenda?" halina jibu mpaka useme kwa kurejelea nini.

Hapo ndipo wahariri wengi huteleza, kwa "kulingana na". Andika "Kulingana na abiria, kikombe kimetulia", nasi tutaelewa kwamba abiria ndiye aliyetoa habari hiyo, na pengine amekosea. Fizikia haitaki ushahidi wa abiria. Kikombe kilichoko mezani kimetulia hata behewa likiwa tupu. Andika: "Kwa kurejelea behewa, kikombe kimetulia, kwa kurejelea reli, kinakwenda kilomita 80 kwa saa." Sentensi zote mbili ni kweli, wala hakuna inayoipinga nyingine. Ningependa kila mwanafunzi aisome jozi hiyo kabla hajakutana na neno "uhusianifu", maana wengi hulichukulia kuwa kila mtu na maoni yake. Sivyo hata kidogo. Nadharia yenyewe imejengwa juu ya jambo wanalokubaliana wapimaji wote: kasi ya mwanga katika ombwe (mahali pasipo na kitu, hata hewa), mita 299,792,458 kwa sekunde.

Sasa "wakati kamili", tafsiri ya "absolute time". Sikio la Kiswahili husikia "saa mbili kamili", yaani bila dakika kuzidi wala kupungua. Newton, mwaka 1687, hakuzungumzia usahihi wa saa. Alisema kuna wakati unaopita wenyewe kwa mwendo uleule, bila kutegemea kitu chochote cha nje. Basi andika hivyohivyo: "wakati usiotegemea chochote". Ni maneno matatu, lakini hayadanganyi.

Einstein alipouondoa wakati huo mwaka 1905, aliiondolea pia "kwa wakati mmoja" kinga yake. "Taa mbili ziliwaka kwa wakati mmoja" ni sentensi nzuri ya kila siku. Katika sura ya uhusianifu, kama taa hizo ziko mbalimbali, haijakamilika mpaka uongeze "kwa kurejelea stesheni". Kwa kurejelea treni inayopita kutoka taa moja kuelekea nyingine, moja ilitangulia.

Uangalie pia "saa inayosafiri huchelewa". Saa inayochelewa, kwetu, ni saa mbovu ya kupelekwa kwa fundi. Saa za satelaiti za GPS ni nzima kabisa, na bado kasi yake huzipunguzia takriban maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 7 kwa siku zikipimwa na saa za ardhini, huku udhaifu wa mvutano huko juu ukiziongezea takriban 45. Andika kwamba kwenye saa hiyo "umepita wakati mfupi zaidi" au "mrefu zaidi", na mwanafunzi hatatafuta hitilafu isiyokuwepo.