Maswali na Majibu: Nani Kakwambia Lazima Utabasamu?

Kapu la barua limejaa ngano tena. Tangu nitaje hapa kwamba nina ugonjwa wa siliaki, ule ambao kinga ya mwili huharibu utumbo mtu akila gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai), na kwamba kwa miaka 11 sijatia gluteni mdomoni kwa kukusudia, nusu ya mnaoniandikia mnauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua machache. Aliyeuliza kama gluteni ni aina ya mafuta nimempita, hilo tulishalimaliza.

Nimegunduliwa miezi miwili iliyopita. Kila mtu, kuanzia dada yangu hadi kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, ananiambia niwe na mtazamo chanya. Mimi ninachofanya ni kulia jikoni. Nina kasoro gani? (Anayelia Jikoni)

Huna kasoro, mdogo wangu. Umefiwa na mkate. Nikisema hivyo watu hucheka, na wanaocheka ni wale ambao asubuhi hiyo wamekula mkate.

Kilichokutoka ni kikubwa kuliko chakula. Ulikuwa unaingia nyumbani kwa mtu, unapokea sahani, unakula, basi. Sasa kila sahani ina mahojiano. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi ndio wagonjwa wa kwanza ambao lazima tuulizwe uji, na tuulize wenyewe umepikwa kwa unga gani, na mwiko uliokoroga ulitoka chungu kipi. Hiyo ni kazi, na haina likizo. Anayekuambia uifanye kwa tabasamu kuanzia mwezi wa pili mara nyingi anaomba jambo moja tu: usimsumbue na huzuni yako. Muombe radhi kwa adabu, kisha endelea kulia.

Ila kuna kitu hao washauri wa tabasamu hawakuambii, na mimi sitakiacha. Utumbo uliochakaa haufyonzi vizuri madini ya chuma, foleti (aina ya vitamini B) wala vitamini B12, na mtu aliyepungukiwa na hivyo huchoka, hukasirika ovyo, hukosa hamu ya mambo. Unaweza kujilaumu kuwa imani yako ni ndogo kumbe damu yako ndiyo ndogo. Omba vipimo vya damu kabla hujaomba toba. Na kama zaidi ya wiki mbili hulali, huna hamu ya chochote, hata vile ulivyovipenda, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda kwa daktari uitaje kwa jina. Mawazo ya kujidhuru yakija, usingoje hata siku moja, na usikae peke yako.

Ukiniuliza mimi nilivuka vipi, jibu litakukatisha tamaa kwa jinsi lilivyo dogo. Nilijifunza milo mitano ambayo tangu asili haina gluteni, nikaipika hadi nikaweza kuipika nikiwa nasinzia. Mchele, mahindi, viazi, mihogo, maharage, nyama, samaki, mayai: dunia ina chakula kingi kisicho na ngano, ila mtu aliyetoka tu kuambiwa habari mbaya hukiona kile alichokatazwa peke yake. Mwezi wa nne au wa tano hivi nilistuka jioni moja nikagundua kuwa siku nzima imepita bila kuuwaza ugonjwa. Sikuwa nimejikaza kisabuni wala kujisemea maneno mazuri mbele ya kioo. Nilikuwa nimeshiba tu.

Kwenye sherehe nikila kidogo tu, si mbaya, eti?

Sumu haionjwi.

Hii ni barua ya nane ya aina hii mwaka huu, kwa hiyo nitaongeza hesabu kidogo ili nisiijibu ya tisa. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni kama gramu mbili au zaidi. Wenye siliaki waliopewa miligramu 50 za gluteni kwa siku kwa miezi mitatu walionekana kuharibika utumbo, na miligramu 50 ni makombo ya kipande hicho. Ndiyo maana kiwango kinachokubalika kimataifa cha chakula kuandikwa "hakina gluteni" ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo ya chakula, kisizidi hapo. Na usijipime kwa tumbo. Wapo ambao hawasikii maumivu yoyote huku utumbo unaendelea kulika.

Niliona video, nikaacha ngano miezi minne iliyopita na najisikia mtu mpya. Kuna haja ya kupimwa wakati nimeshapona? (Mtu Mpya)

Ndugu yangu Mtu Mpya, umefunga mlango kisha unauliza ufunguo uko wapi.

Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza gluteni inapoingia. Usipokula gluteni, kingamwili hizo hushuka, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ambao unao. Hivyo hivyo kwa kipimo cha kamera, ambapo daktari hupitisha mrija mdomoni na kuchukua vinyama vidogo vya utumbo mwembamba: utumbo ukianza kupona, ushahidi unafutika. Sasa ili upimwe sawasawa itabidi urudie kula ngano kila siku kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita au zaidi, na hilo hulifanyi peke yako kwa sababu wengine huumwa vibaya. Zungumza na daktari. Kipo pia kipimo cha vinasaba ambacho hakijali umekula nini: ukikosa vile viwili vinavyoitwa DQ2 na DQ8, siliaki karibu tunaiweka kando. Ukiwa navyo haimaanishi unaumwa, maana watu wengi sana wanavyo na hawataugua kamwe.

Haja ya kupimwa ipo. Usipojua unachougua, hujui ukali wa masharti unayotakiwa kushika. Tumbo linaloghasiwa na ngano bila siliaki linaweza kusamehe kosa dogo, siliaki haisamehi. Vilevile ndugu zako wa damu wanastahili kujua, kwani kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mwenye siliaki uwezekano ni kama mmoja kati ya 10, wakati kwa watu wa kawaida ni kama mmoja kati ya 100. Na kuna jambo la moyo pia. Nimewaona watu walioacha ngano kwa kubahatisha. Mwaka wa pili wanaanza kujishuku, mwaka wa tatu wanaonja, mwaka wa nne wamerudi walikotoka na upungufu wa damu. Karatasi ya majibu, hata ikileta habari mbaya, hukupa mahali pa kusimama.

Wenye video wangepunguza muziki na kulisema hili kwanza: pima, kisha acha.

Mume wangu anasema haya ni maradhi ya Wazungu na mimi ninaiga. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ndio walioonekana na kiwango kikubwa kuliko kilichopata kuripotiwa popote: zaidi ya watano katika kila 100 waliopimwa. Hao ni Waafrika, na ni wa jangwani.

Wala si ugonjwa wa juzi. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo, aliueleza kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, na jina siliaki linatokana na neno la Kigiriki la tumbo. Mwaka 1888 Samuel Gee wa London aliandika kwamba kama kuna tiba, itapatikana kwenye chakula, ila hakujua chakula kipi. Aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 njaa ilipoikumba nchi yake na mkate ukaadimika, watoto wake wagonjwa waliendelea vizuri. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nikiona siku zangu zimekuwa nzito huwa nawafikiria wazazi wa kabla yake, waliowazika watoto wakiwa na jibu mezani bila kujua.

Mumeo akiendelea kusema unaiga baada ya kusikia haya, hapo tatizo si la tumbo tena, na safu hii si baraza la usuluhishi.

Oti zinafaa? Nasikia ndiyo, nasikia hapana.

Kwanza tukubaliane na jina, maana Kiswahili chetu hapa kinatuponza. Wengi huita oti "shayiri", na shayiri yenyewe ni nafaka nyingine kabisa, yenye gluteni, ambayo kimea chake huingia kwenye bia, vinywaji vya unga na peremende. Nimepata kusoma pakiti iliyoandikwa "shayiri" na nikashindwa kujua ni ipi. Ukishindwa kujua, rudisha.

Oti halisi hazina gluteni ya ngano, na wengi wetu huzivumilia. Shida ni kwamba hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano. Nunua zilizoandikwa wazi kuwa hazina gluteni, anza nazo baada ya hali kutulia, na mjulishe daktari wako, kwa sababu wachache hudhurika hata na zilizo safi.

Binti yangu ana miaka tisa. Ameniuliza, "Mama, kwa nini mimi?" Nikamwambia atapona akikua. Nilikosea?

Ulikosea, mama, kwa upendo. Ugonjwa huu hauishi kwa kukua. Akifika miaka 14 akakumbuka ahadi yako, ataijaribu mwenyewe mahali usipokuwepo.

Mwambie kweli iliyo ndogo kiasi cha kuibeba: tumbo lako lina mlinzi anayeidhania ngano ni adui, akianza kupigana anavunja nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo hatumletei ngano. Kwa "kwa nini mimi" hakuna jibu, na unaweza kumwambia hivyo hivyo, "Sijui, na mimi inaniuma." Halafu mpe kazi: asome lebo yeye, akupe hukumu, wewe uhakiki. Mtoto anayekagua pakiti ana mamlaka. Anayenyang'anywa keki mbele ya wenzake ana aibu tu. Habari njema ya kweli unayo pia, kwamba utumbo wa watoto kwa kawaida hupona upesi na vizuri kuliko wetu, na kimo kilichodumaa mara nyingi hujirudi akishika masharti.

Na tafadhali, wazazi, acheni kumtangaza mtoto kila mnapoingia mahali. "Huyu mgonjwa huyu, msimpe." Ana jina.

Mama mkwe anakasirika nikija na chombo changu. Anasema namdharau.

Nenda siku moja kabla ya siku ya wageni. Keti naye jikoni, umwonyeshe, umsaidie kupika chakula kimoja ambacho nyote mtakula, kwa sufuria iliyosuguliwa vizuri na mwiko ambao haujagusa unga. Mpe heshima ya kuwa mpishi wako. Wazee wengi hawakasirishwi na ugonjwa. Hukasirishwa na kuachwa nje. Kama bado hataki, beba chombo chako, msalimie kwa unyenyekevu wote, na ule chako. Lawama hupita haraka kuliko kuharisha.

Kuna dawa yoyote ya kumeza ili niweze kula kawaida? Kuna mtu ananiuzia vidonge vya "kusaga gluteni".

Hakuna. Mtu huyo ni mwuzaji.

Ni miezi saba sasa nashika masharti kama askari. Bado nachoka, na kipimo cha damu bado kiko juu, ingawa kimeshuka. Nimeshindwa? (Askari)

"Ingawa kimeshuka" umeiweka mwishoni kama mtu anayeomba msamaha. Ingefaa uianze barua nayo. Kingamwili huchukua miezi mingi kurudi chini, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kwa mtu mzima utando wa utumbo unaweza kuhitaji miaka kadhaa kujijenga upya. Kushuka ndiko kunakotakiwa.

Hata hivyo uchovu usiuachie muda peke yake. Mwulize daktari kuhusu madini ya chuma, B12, vitamini D na tezi ya shingo, maana maradhi ya tezi hupenda kuandamana na siliaki. Maziwa nayo yanaweza kukusumbua kwa muda hadi utumbo utengemae. Keti na mtaalamu wa lishe mpitie kila kinachoingia mdomoni: mchuzi wa soya, viungo vya pakiti, supu za unga, mafuta yaliyokaangia vitu vya ngano, hata vidonge vyako. Na mwulize kuhusu kipimo cha mifupa, kwani wengi wetu hugunduliwa mifupa ikiwa imeshapungua uzito.

Askari nao hubadilishana zamu. Tafuta mtu mmoja nyumbani ajue masharti kama unavyoyajua wewe, ili siku ukiwa hoi asome lebo yeye.

Biskuti zisizo na gluteni zimeninenepesha. Inawezekanaje?

Ni biskuti.

Naweza kuendelea kutumia kibaniko cha mkate cha familia nikikifuta vizuri?

Hapana. Makombo hukaa ndani kwenye nyaya usikofika na kitambaa, na moto hauui gluteni, si kijidudu. Pata chako, kiandike jina kwa herufi kubwa, kiweke kabati la juu. Ukikuta mtu amekitumia, una ruhusa yangu kamili ya kukasirika.